Gero wa Mpakani na Wageni Wake Thelathini

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ninayetaka kukusimulia habari zake leo, mpenzi msomaji, alipona kweli, lakini wageni wake hawakupona. Aliwaalika wakuu wa Waslavi wapatao thelathini, akawalisha, akawanywesha mvinyo, na usiku walipokuwa hoi kwa ulevi akawaua. Ilikuwa mwaka wa 939. Mtu huyo aliitwa Gero, na kwao Ujerumani hata leo wapo wanaomwita Gero Mkuu.

Neno hilo “Mkuu” ndilo lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilikutana nalo nikisoma historia ya Ulaya ya Zama za Kati, nikajiuliza: hivi mtu hufanya nini ndipo aitwe mkuu? Nikaona si haki kumhukumu mtu kwa usiku mmoja tu, hata uwe usiku wa namna gani. Basi nikaamua kuyafuata maisha yake tangu mwanzo mpaka kaburini.

Hebu kwanza tuielewe nchi yenyewe. Uko mto mkubwa uitwao Elbe, unaotoka milima ya nchi ya Cheki, ukapita Ujerumani mpaka Bahari ya Kaskazini. Katika karne ya kumi mto huo, pamoja na Saale unaoingia ndani yake, ndio uliokuwa mpaka. Magharibi walikaa Wasaksoni, ambao ni Wajerumani na wakati huo walikuwa Wakristo. Mashariki, mpaka mto Oder, walikaa Waslavi wenye miungu yao, lugha zao na ngome zao za magogo na udongo. Hawakuwa taifa moja. Waheveli walikaa kando ya mto Havel, Waobodriti walikaa kaskazini kuelekea Bahari ya Baltiki, na Walusatia walikuwa kusini penye mabwawa mengi. Kila kundi lilikuwa na mkubwa wake, na mara nyingi mkubwa huyu hakusikizana na yule. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, na Wasaksoni waliujua udhaifu huo vizuri sana.

Mfalme Henry wa Kwanza wa Ujerumani aliwaendea kwa vita wakati wa baridi kali, kati ya mwaka wa 928 na 929. Ngome kuu ya Waheveli, ambayo leo ni mji wa Brandenburg, ilizungukwa na maji na matope, kwa hivyo kiangazi haikuingilika. Henry alingoja maji yagande, askari wake wakapiga kambi juu ya barafu. Njaa, chuma na baridi vikaimaliza ngome. Tangu hapo Waslavi walilipa kodi kwa Wasaksoni, lakini shingo upande.

Sasa tumlete Gero mwenyewe. Alizaliwa karibu mwaka wa 900. Baba yake, Thietmar, alikuwa mlezi na mwalimu wa huyo Henry alipokuwa mdogo, kwa hivyo jamaa hii ilikuwa karibu na kiti cha enzi kama chungu na mafiga. Kaka yake Gero, jina lake Siegfried, ndiye aliyepewa kuulinda mpaka kule Merseburg. Henry alikufa mwaka wa 936, mwanawe Otto akatawazwa. Mwaka uliofuata Siegfried naye akafa. Otto, mfalme kijana wa miaka ishirini na kitu, akamteua Gero ashike mahali pa kaka yake. Gero akawa liwali wa mpaka.

Uteuzi huo ulizua balaa siku ile ile. Otto alikuwa na ndugu wa baba mmoja aitwaye Thankmar. Mama yake Thankmar alitoka kwa wakubwa wa Merseburg, na Thankmar aliona kwamba cheo kile ni haki yake ya kuzaliwa. Alipokosa, akaasi mwaka wa 938. Vita vikamgeukia, akakimbilia ndani ya kanisa la ngome ya Eresburg, akavua mkufu wake wa dhahabu na kuweka silaha zake juu ya altare kuonyesha kuwa ameacha ukubwa. Haikumsaidia. Mtu mmoja alimchoma mkuki kutoka nyuma kupitia dirishani, akafa pale pale kwenye altare. Gero hakuushika mkuki ule. Lakini kiti alichokalia kilikuwa kimekwisha kunyunyiziwa damu ya mwana wa mfalme.

Na kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mtu asikudanganye kwamba liwali wa mpaka alikaa tu akila kuku. Kulikuwa na kodi ya kukusanya kwa watu wasiotaka kulipa, na askari waliotaka kulipwa kutokana na kodi hiyo hiyo. Waslavi walipogoma, askari walikosa mgao, wakamnung'unikia Gero. Wakaambiwa waende vitani tena, wakarudi wamechoka, wengine hawakurudi. Mfalme Otto kwa upande wake alimshikilia Gero, hakumwacha. Hapo Gero akawa kama nyama katikati ya mkate: huku askari, huku mfalme, na mbele yake Waslavi waliokuwa wakichoma na kuua.

Ndipo ikaja ile karamu. Ati Gero alipata habari kwamba wakuu wa Waslavi wamepanga kumuua kwa hila, naye akaamua kuwatangulia. Akawaita thelathini hivi mezani kwake. Yaliyofuata nimekwisha kukueleza.

Hapa naomba tusimame kidogo. Habari hii tunaijua kutoka wapi? Aliyeiandika ni Widukind, mtawa wa Corvey, naye alikuwa Msaksoni aliyewapenda Wasaksoni wenzake. Aliandika wakati wa utawala wa Otto. Yeye ndiye anayetwambia kwamba wale wageni walikuwa na njama. Huenda walikuwa nayo, huenda hawakuwa nayo. Wao wenyewe hawakuacha hata mstari mmoja, maana hawakuwa na watu wa kuandika. Jambo lililonichoma zaidi ni hili: Widukind amehifadhi jina la mwenyeji, jina la mfalme, hata jina la mtu aliyemchoma Thankmar mkuki. Lakini katika wale thelathini hakutaja hata mmoja. Wakuu thelathini, kila mmoja na watu wake, na hatumjui hata mmoja kwa jina!

Kama Gero alidhani amekata kichwa cha nyoka, alijidanganya. Badala ya kunyamaza, Waslavi waliwaka kama nyasi kavu. Waobodriti waliliangamiza jeshi moja la Wasaksoni na kumuua kamanda wake, Haika. Otto mwenyewe ilimbidi aje na majeshi, tena zaidi ya mara moja, na bado moto haukuzimika.

Kilichouzima upande wa Waheveli ni usaliti. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwako mtu wa ukoo wa watawala wao, Tugumir, aliyeshikwa mateka tangu siku za mfalme Henry na kukaa Saksoni miaka mingi. Wasaksoni walimpa fedha nyingi na kumwahidi nyingi zaidi. Mwaka wa 940 akarudi kwao akijifanya ametoroka. Watu wakamlaki kwa shangwe, mwana wao amerudi! Akampata mpwa wake, ambaye peke yake alikuwa amebaki katika watawala wa ukoo ule, akamuua kwa hila, kisha akaikabidhi ngome ya Brandenburg na nchi yote kwa Otto. Makabila mengi mpaka mto Oder yakakubali kulipa kodi. Hivyo ndivyo jimbo la mpakani la Gero, linaloitwa kwa Kilatini Marca Geronis, lilivyokamilika: kwa karamu moja na kwa mateka mmoja aliyenunuliwa.

Manung'uniko ya askari, hata hivyo, hayakuisha. Mwaka wa 941 Henry, mdogo wake Otto, aliyatumia kupanga njama ya kumuua mfalme siku ya Pasaka huko Quedlinburg, na wengi aliowavuta walikuwa askari wa huko mpakani. Otto aligundua mapema, njama ikavunjika. Baada ya hapo Gero alizidi kupendwa na mfalme, akapewa mashamba na vijiji, na Otto akawa baba wa ubatizo wa mtoto wake aliyeitwa Siegfried, jina la yule kaka marehemu. Mwaka wa 948 Otto aliunda uaskofu wa Brandenburg, na katika miaka hiyo hiyo ule wa Havelberg, yote miwili ndani ya nchi ya Waslavi. Kodi ilitangulia, msalaba ukafuata nyuma.

Pamoja na kodi palikuwa na biashara nyingine ambayo sisi hatuna haja ya kufafanuliwa sana, maana pwani yetu iliionja. Vita vya mpakani vilileta mateka, na mateka waliuzwa. Waslavi wengi walipitishwa masoko kama ya Prague na kupelekwa mbali, hata kwa Waislamu wa Hispania. Msafiri mmoja kutoka Hispania, Ibrahim ibn Yaqub, aliyezitembelea nchi hizo katika miaka ya 960, aliandika kwa Kiarabu juu ya soko hilo la Prague. Waslavi waliuzwa kwa wingi hivi kwamba katika lugha kadhaa za Ulaya, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza zikiwemo, neno lenye maana ya mtumwa limetokana na jina la Waslavi. Fikiria, msomaji: jina la watu likageuka kuwa jina la minyororo.

Sasa twende mwaka wa 955. Mwaka huo Otto aliwashinda Wamajari huko Lechfeld mwezi wa Agosti, ushindi uliomfanya aonekane shujaa wa Ulaya nzima. Kabla ya kupumzika, akalazimika kukimbilia kaskazini kwa Waobodriti, ambao chini ya mkubwa wao Stoignew walikuwa wamewapokea waasi wawili wa Kisaksoni, Wichmann na Ekbert. Jeshi la Otto lilifika mto Recknitz likanaswa. Mbele mto na matope, nyuma miti iliyokatwa na kuangushwa ili kuziba njia. Njaa ikaanza, magonjwa yakafuata.

Otto akamtuma Gero akaseme na Stoignew. Wawili hao walizungumza kila mmoja akiwa ng'ambo yake, maji katikati. Gero alianza kwa upole, mwenzake akamdhihaki. Gero naye akamrudishia dhihaka na kumwahidi vita kesho yake. Usiku huo askari wa Otto walianza kurusha mishale kana kwamba wangevuka pale pale. Kumbe ni chambo tu! Gero alikwisha ondoka kimya kimya pamoja na Warani, Waslavi waliokuwa rafiki za Wasaksoni, akajenga madaraja matatu mbali kidogo. Asubuhi ya tarehe 16 Oktoba jeshi likavuka. Stoignew alikimbia, akauawa kichakani. Kichwa chake kilisimamishwa uwanjani, na mateka mia saba wakakatwa vichwa kukizunguka. Mshauri wake aling'olewa macho, akakatwa ulimi, akaachwa katikati ya maiti.

Nakiri kwamba hila ya madaraja ilinifanya nimheshimu Gero kwa dakika moja. Nilipofika kwa wale mia saba, heshima ikayeyuka.

Lakini hakuna mtu aliye jiwe. Mwaka wa 959 Siegfried, yule mwana aliyebatizwa na mfalme, alikufa kijana bila kuacha mtoto. Mwana wake mwingine, aliyeitwa Gero kama baba, naye alikufa kabla ya mzee. Aliyenyang'anya wengine warithi wao akabaki hana mrithi. Nguvu, mashamba, ngome, vyote vipo, wa kumwachia hayupo. Mzee alifunga safari ndefu ya kuhiji Roma, akaweka silaha zake mbele ya altare ya Mtakatifu Petro, akajitolea yeye na mali yake kwa Mungu. Akarudi na masalio ya Mtakatifu Cyriakus.

Huko Gernrode, karibu na milima ya Harz, alijenga kanisa na makao ya watawa wa kike. Mkuu wao alimweka Hathui, mjane wa Siegfried, aliyekuwa bado msichana mbichi. Ni tendo ambalo limenigusa. Angeweza kumrudisha kwao au kumwoza upya kwa faida yake mwenyewe, lakini alimpa mahali pa heshima, na Hathui akapaongoza mpaka alipofariki mwaka wa 1014. Kanisa lile lingaliko, kuta zake nene za mawe zikiwa zimesimama kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika yote aliyoyajenga Gero, hilo ndilo lililodumu.

Vita vyake vya mwisho vilikuwa mwaka wa 963 dhidi ya Walusatia. Aliwashinda na kuwatia chini ya nira nzito, lakini yeye mwenyewe alijeruhiwa vibaya, mpwa wake akauawa, pamoja na wakubwa wengi wa jeshi lake. Akafariki tarehe 20 Mei 965, akazikwa Gernrode.

Na jimbo lake je? Liliondoka pamoja naye. Hakukuwa na mtu aliyeweza kulishika lote, kwa hivyo Otto alilikata vipande: Jimbo la Kaskazini, Jimbo la Mashariki, Meissen, Merseburg na Zeitz, kila kipande na liwali wake. Tangu Gero ateuliwe mwaka wa 937 mpaka kaburini ni miaka 28 tu. Wengi wetu tuna wazazi walioishi zaidi ya hapo.

Miaka 18 baadaye ikaja hesabu yote kwa mara moja. Kiangazi cha mwaka wa 983 Waslavi waliinuka kwa umoja ambao zamani hawakuwa nao. Tarehe 29 Juni wakaivamia Havelberg, na siku tatu baadaye Brandenburg. Makanisa ya maaskofu yakateketezwa, askari wakatimuliwa, utawala wa Wajerumani kaskazini mwa jimbo lile ukafagiliwa. Ulichukua muda mrefu kurudi: ni mwaka wa 1157 ndipo Albrecht, aliyepewa jina la Dubu, alipoitwaa Brandenburg kwa mara ya mwisho. Nyumba ya udongo haihimili kishindo, na jimbo lililojengwa kwa hofu ya mtu mmoja ni nyumba ya udongo.

Watetezi wa Gero wana neno pia, na ni haki niliseme. Wao hudai kwamba alikuwa mlinzi wa nchi yake, kwamba Waslavi nao walivuka Elbe wakachoma vijiji na kuua wakulima Wasaksoni, na kwamba zama zile zilikuwa za upanga kwa kila upande. Yote hayo ni kweli. Mimi simlaumu kwa kuulinda mpaka. Lawama yangu iko mezani. Adui ukimkuta uwanjani ana upanga wake mkononi. Ukimkuta mezani pako amekuja kwa neno lako, na hana ngao nyingine ila neno hilo. Ukilivunja, kesho nani atakuja kuzungumza amani nawe? Baada ya 939 Gero hakupata tena amani iliyodumu na Waslavi mpaka alipokufa.

Nina neno la mwisho kwa sisi tunaokipenda Kiswahili. Katika nchi ile ile ya Lusatia, ambako Gero alipata jeraha lake, wapo hadi leo Waslavi waitwao Wasorbi, wapatao elfu sitini. Wamo ndani ya Ujerumani, karibu na miji ya Bautzen na Cottbus. Jina lenyewe Lusatia ni la kwao, maana yake ni nchi ya mabwawa. Lugha yao imepigwa vita mara nyingi, na upande wa Cottbus imebaki na wasemaji wachache sana, lakini bado inafundishwa shuleni na majina ya miji huandikwa kwa lugha zote mbili. Jimbo la Gero lilidumu miaka 28. Lugha ya aliowatoza kodi imedumu zaidi ya miaka elfu moja baada yake.

Basi mtu akiniuliza kama Gero alikuwa mkuu, nitamjibu kwamba alikuwa hodari, alikuwa mwaminifu kwa mfalme wake, na uzeeni aliujua uchungu. Ukuu ni kitu kingine. Siku nitakapofika Gernrode, Mungu akipenda, nitaliangalia kaburi lake zuri la mawe, lenye jina lake juu. Kisha nitatoka nje nisimame kimya kidogo kwa ajili ya wale thelathini wasio na kaburi wala jina.